Meno matatu na koti la Paluku

Vijana wangu wa garaji, wekeni bisibisi chini kwanza. Mwalimu wenu wa ufundi ameniomba niwaandikie namna tulivyokuwa tunarekebisha mchanganyiko wa esansi, yaani petroli, na hewa kwenye gari za zamani za enjeksiyo, zile ambazo skana yenu haipati hata tundu la kuchomekwa. Nitawaandikia. Ila nawaambia mapema kwamba somo hili lilichukua mtu, na mtu huyo ninamjua jina, na mkono uliokaza springi ninao hapa umeshika kalamu. Mkitaka kucheka, chekeni huku mwanzoni.

Gari hizo bado zipo, mnaziona kila wiki zikipanda kutoka Sake na Mubambiro. Kati ya chujio la hewa na moteri kuna kisanduku cha aluminiamu, na ndani yake mna kimlango. Hewa ikivutwa ndani inakisukuma kimlango, nacho kinaiarifu kompyuta ndogo ya gari kwamba hewa imepita kiasi hiki, mwaga esansi kiasi hiki. Esansi ikizidi, tulikuwa tunasema gari imeshiba kupita kiasi: moshi mweusi, macho yanawasha, bujii, zile plagi za cheche, zinatoka zimejaa masizi. Esansi ikipungua, tunasema gari iko na njaa: inakohoa, inashika joto, na ukiipakia mzigo inaanza kujiunguza ndani kwa ndani, na bujii zinatoka nyeupe. Bujii ya gari iliyo sawa ina rangi ya chai ya maziwa. Hiyo rangi muijue kama mnavyojua sura za mama zenu.

Shida ni kwamba kimlango hakipimi uzito wa hewa, kinasikia msukumo tu. Na hewa yetu haifanani. Huku juu Masisi, kwenye malisho ya ng'ombe, hewa ni nyepesi, mgeni akipanda kilima anahema kabla ya kufika nusu. Ukishuka upande wa Walikale, hewa ni nzito na ya moto, shati linakugandama mgongoni. Gari iliyorekebishwa chini ikipandishwa huku inashiba kupita kiasi. Iliyorekebishwa huku ikishushwa kule inapata njaa. Watu wa tambarare wanaweza kurekebisha gari mara moja na kusahau. Sisi hatuwezi, maana kwetu safari ya siku moja inabadilisha hewa yote.

Mahali pa kugusa ni pawili. Pembeni ya kisanduku kuna visi ndogo, yaani skrubu, hiyo ni ya gari ikisimama inanguruma polepole. Ukiifungua, hewa inapita pembeni bila kimlango kuihesabu, na esansi inapungua. Kabla ya kuigusa, ifunge mpaka mwisho taratibu huku ukihesabu mizunguko, uandike, kisha uirudishe ilipokuwa. Mahali pa pili ni chini ya kifuniko cheusi kilichogundishwa. Hapo kuna gurudumu dogo la meno lenye springi, na hilo ndilo linaloongoza gari ikiwa kazini na mzigo. Ukikaza jino moja, kimlango kinakuwa kigumu kusukumwa, esansi inapungua. Ukilegeza, inaongezeka. Jino la mwanzo liwekeeni alama. Mimi nilikuwa naiba rangi ya kucha ya mke wangu, mpaka siku moja akaniuliza mbona chupa inaisha na kucha zake hazijapakwa. Nilimwambia ni ya mwanamke mwingine, ana miguu minne ya mpira. Hakucheka, lakini aliendelea kuninunulia.

Jino moja mtalisikia kwa sikio. Mawili dereva atayasikia mlimani. Matatu ni mengi.

Aliyenifundisha haya alikuwa Papa Muhindo, Munande wa Butembo, Mkatoliki wa kusali kweli, aliyetundika rozari yake kwenye kompresa ya hewa ili, kama alivyosema, isilipuke na wapagani. Hakuruhusu mtu kuongea karibu na gari inayonguruma. Siku yangu ya kwanza nilianza kumpa maoni yangu, akanikata: "Moteri inasema, na weye unasema. Nisikie nani?" Nilinyamaza karibu miaka miwili.

Mara moja niligeuza visi ya gari moja kuanzia asubuhi mpaka saa za chakula. Inakohoa, naongeza esansi. Inatulia, baadaye inakohoa tena. Papa Muhindo alikuwa ameketi anakula ndizi, ananitazama bila neno. Nilipokaribia kulia, akainuka, akakamata bomba la mpira linalotoka kwenye kisanduku kwenda kwa moteri, akalikunja kidogo. Upande wa chini ulikuwa umepasuka kama mdomo. Hewa ilikuwa ikiingia hapo bila kupita kwenye kimlango, na mimi nilikuwa nikipigana na visi isiyo na kosa. "Umeona?" akasema. "Ulitengeneza kitu haiko na ugonjwa." Basi nanyi kagueni mpira kwanza, kisha chujio, kisha bujii, na moteri iwe imepata moto kabisa. Visi inakuja mwisho.

Ila kabla ya hayo yote Papa Muhindo alikuwa na jambo moja, na hilo ndilo lililonifanya nikubali kuandika. Hakufungua boneti ya gari yoyote bila kumuuliza dereva kwa sauti kubwa: "Unaenda wapi?" Dereva akisema Walikale, analegeza. Akisema juu kwenye malisho, anakaza. Akisema hajui bado, anamwambia aende akanywe chai mpaka ajue. Dereva alijibu, fundi akafanya kazi, wakaagana.

Papa Muhindo alizeeka, akarudi kwao Butembo, akaniachia garaji, rozari na swali lake. Nililitumia muda mfupi tu.

Walikuja watu wenye silaha na gari lao, jipu. Sitasema wa upande gani, maana huku kwetu jibu hilo linabadilika na wiki. Jipu lilikuwa linatoa moshi mweusi. Nikafungua boneti, na kwa mazoea yangu nikauliza, "Munaenda wapi, chefu?" Kofi lilinifikia kabla sijamaliza kuinua kichwa. Mkubwa wao aliniuliza nani amenituma niulize njia yao. Walinikalisha kwenye matope mikono juu ya kichwa mpaka jua lilipopinda, mbele ya wateja wangu na mbele ya mke wangu. Nilipoachiliwa nilitengeneza jipu lao bila kuuliza kitu, na sikujua hata nililitengenezea hewa ipi.

Tangu hapo swali lile lilikufa mdomoni mwangu. Halikufa kwangu peke yangu. Kila mtu hapa anajua kwamba "Unaenda wapi?" ni swali la kwenye barieri, kizuizi cha barabarani. Anayeliuliza ana bunduki, ama ana mtu anayemsikilizia. Madereva wakaanza kudanganya njia zao kama wanavyofunga mlango, si kwa ubaya. Anayekwenda Buleusa anasema Sake. Anayebaki anasema anasafiri. Na sisi mafundi tukawa tunakisia: tunatazama matope ya kwenye gurudumu, tunatazama mzigo, tunaweka visi katikati na kuomba Mungu. Gari nyingi zilienda hivyo zikarudi. Ndiyo maana nilidhani inatosha.

Sasa Paluku.

Paluku alikuwa dereva na mwenye kamioneti yake, gari dogo la mzigo, Munande pia, mtu mrefu wa mabega yaliyopinda kwa kuendesha. Nilimtengenezea gari kwa muda mrefu kiasi kwamba nilijua kikohozi chake na cha kamioneti, kipi ni kipi. Alioa kwa wakulima wa msituni upande wa Ntoto. Mke wake, Mama Esther, alikuwa ameshuka huko na watoto wawili kumzika baba yake. Kwao mtoto wa kwanza hatoki kwenye matanga mpaka mambo ya wakubwa yaishe, kwa hiyo alikaa. Haya yote niliyajua. Nilijua pia, kama kila mtu sokoni, kwamba upande ule watu walikuwa wameanza kukimbia.

Alikuja asubuhi. Kwenye benchi yangu walikuwa wameketi wanaume wawili nisiowajua, wakisubiri kuzibiwa tairi ya pikipiki. Tairi ilikuwa imeshazibwa, lakini hawakuwa wameondoka. Paluku aliwaangalia mara moja, akavua koti lake, lile nene la kijani lenye mfuko uliochanika, akalitundika kwenye msumari karibu na mlango.

"Papa Bauma," akaniambia, na sauti yake ilikuwa kubwa kuliko kawaida, "minaenda juu kwenye malisho kupakia fromaje ya maziwa ya ng'ombe. Siku tatu niko juu. Iko inatosha moshi mweusi sana, inakula esansi. Unitengenezee ya kupanda."

"Ya juu tupu?"

"Ya juu tupu."

Nilifurahi. Nawaambia ukweli, nilifurahi. Kwa muda mrefu hakuna dereva aliyenitajia njia waziwazi, na hapa rafiki yangu ananipa jibu kamili kama enzi za Papa Muhindo. Nikaamua kumfanyia kazi safi. Nilikagua mpira, nikapuliza chujio, nikapasha moteri. Nikafungua visi. Nikabandua kifuniko cheusi, nikaweka alama ya rangi nyekundu, nikakaza jino la kwanza, la pili, la tatu. Kwa hewa ya malisho ya juu kabisa, kamioneti ile ilikuwa inaimba. Niliwaita hata wale wawili wa kwenye benchi waje wasikilize. Nilijivuna mbele yao.

Paluku aliingia akawasha. Alikuwa ameshageuza pua ya gari nilipoona koti bado liko msumarini. Nikalichukua nikamkimbilia.

"Paluku! Koti yako! Utakufa baridi kule!"

Alishusha kioo. Alinitazama, kisha akatazama nyuma yangu kwenye benchi, kisha akanitazama tena, muda mrefu.

"Unichungie, Papa Bauma," akasema. "Kule nitafika, sitaihitaji."

Nilifikiri amelewa usingizi. Nilifikiri labda ana blanketi. Nilirudi nalo, nikalitundika, nikaendelea na kazi nyingine. Mimi niliyejisifu kwamba nasikia bujii moja iliyochoka kati ya nne, rafiki yangu aliniambia kwa Kiswahili, ana kwa ana, na sikusikia.

Yaliyofuata niliyapata kwa Mama Esther. Alifika garajini siku ya nne baada ya Paluku kuondoka, asubuhi, mvua nyembamba ikinyesha, na watoto wake wawili, miguu yao imefungwa vitambaa. Nilimkalisha kwenye benchi ileile. Mke wangu akaleta chai. Alieleza polepole, bila kulia, akiangalia kikombe.

Kamioneti ilishuka vizuri, kwa sababu kushuka hakuombi nguvu. Paluku aliwakuta, akawapakia: mke, watoto, mama mkwe wake mzee, na majirani, watu kumi na mmoja na vifurushi. Milio ilikuwa inasikika nyuma yao. Kwenye mlima wa kwanza mkubwa gari ikaanza kupiga kama fataki kupitia kwenye chujio. Ikashika joto. Ikaanza kugonga. Paluku alipumzisha, akawasha, akapanda kidogo, akapumzisha. Mwishowe ikabaki inavuta kwa silinda mbili za moteri, halafu haikuvuta tena.

Alifungua boneti, akatoa bujii, akaiweka kwenye kiganja. Mama Esther alisema ilikuwa nyeupe kama unga wa muhogo. Paluku aliitazama sana. Kisha akachukua kisu cha jikoni kwenye vifurushi, akabandua kile kifuniko cheusi, akaanza kulegeza meno, vidole vikiungua. Alinitazama nikifanya kazi ile mara nyingi, kwa hiyo alijua pa kugusa. Aliyarudisha yote matatu mpaka kwenye rangi nyekundu. Lakini njaa ilikuwa imeshakula supapu, zile vali za moteri, na supapu iliyoungua hairudishwi kwa kisu.

Akawaambia watembee. Mama mkwe hakuweza kutembea. Majirani walitaka kumbeba, wakambeba kidogo, akawaomba wamweke chini kwa sababu ya watoto. Paluku akasema atabaki naye ndani ya gari, huenda gari nyingine ikapita. Mama Esther aligeuka kwenye kona akamwona mumewe anamfunika yule mama mzee kwa turubai. Hiyo ndiyo mara ya mwisho. Baadaye watu waliopita njia ile walikuta mifupa ya kamioneti, bila gurudumu, bila kioo. Ya Paluku na ya mzee hakuna aliyetuletea habari, na hatukupata hata udongo wa kusimama juu yake.

Alipomaliza kueleza, aliweka kikombe chini, akaniuliza, "Papa Bauma, gari ilikuwa na nini?"

Nilijua tangu aliposema nyeupe. Nilijua hata kabla, tangu alipotaja mlima. Niliwaangalia wale watoto, nikaangalia mikono yangu, na ninyi vijana mtakaponisoma hapa mtanidharau, na mna haki.

"Esansi," nikasema. "Esansi ya siku hizi iko na maji. Inaharibu gari za watu mingi."

Mvua ilikuwa inagonga bati. Kisha akasema:

"Paluku alinituma kwako neno. Alisema: 'Ambia Papa Bauma, kosa haiko yake. Miye njo nilimudanganya njia. Kulikuwa batu mubaya kwenye benchi. Asijitese.'"

Sikuwa na mahali pa kuweka uso.

"Alisema utasikia uchungu," Mama Esther akaongeza. "Hakusema utanidanganya."

Aliinuka, akaenda msumarini, akachukua koti. Akamvisha Esther, mtoto wake mkubwa, likamfika kwenye vifundo vya miguu. Walitoka. Mimi nilibaki nimekaa, kisha nikaona aibu ya kubaki nimekaa ni kubwa kuliko ile nyingine, nikawafuata barabarani kwenye mvua.

"Mama Esther, nilikaza meno tatu," nikamwambia. "Esansi haikuwa na maji. Nilikaza meno tatu ya juu, na yeye alishuka. Miye njo niliua ile moteri."

"Miye sijue meno ni nini, Papa," akajibu. "Koti uliiona akiiacha?"

"Niliiona."

"Ulijua kule juu hakuna muntu anaenda bila koti?"

"Nilijua."

Alitikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyepata alichokuja kukichukua. Akafunga kifungo cha juu cha koti shingoni mwa mtoto, akamshika mkono, wakaenda. Anaishi Goma sasa, nasikia anauza makala, mkaa wa kupikia. Esther aliolewa. Sijawahi kuitwa kwao, na sijawahi kujipeleka.

Haya, chukueni kazi yenu. Skana itawaambia mengi, na gari mpya zinajirekebisha zenyewe kwa kihisi cha kwenye eshapima, bomba la moshi, jambo ambalo Papa Muhindo angeliita uchawi na kulinyunyizia maji ya baraka. Lakini zile za kimlango bado zitawajia, na zinapanda na kushuka milima ileile, na njia zetu bado hazitajwi. Kwa hiyo msiulize "Unaenda wapi?" Mtapigwa, ama mtadanganywa. Mimi baada ya Paluku niliuliza swali lingine mpaka siku niliyoacha kazi, na hakuna aliyenipiga, na hakuna aliyekataa kujibu, hata wale wa bunduki:

"Koti utavaa, ao utatosha?"

Atakayesema atavaa, kaza. Atakayesema atatosha, yaani atalivua, legeza, urudishe meno yote kwenye alama nyekundu, ufunge visi, umwache ashuke na mzigo wake. Asiyejua, weka alama ya pili ya rangi kwenye jino la kupanda na umfundishe mwenyewe kukaza na kulegeza, umpe na kisu kizuri. Hakuna sikio la kwenye benchi litakalojua mmesema nini, litadhani mnaongea habari ya baridi.

Na yule anayekuambia anapanda juu, halafu analiacha koti msumarini, huyo usisubiri akueleze. Acha gari unayoitengeneza, mkimbilie, na usirudi na koti mkononi. Ingiza mkono dirishani, uzime moteri.